Kudra, Subira na Kipokezi cha Estrojeni

Mwanamke wa pwani ya kusini ya Tanzania anapogundua uvimbe mgumu kwenye titi, iwe Somanga, Kilwa Kivinje, Mchinga au Lindi mjini, kauli mbili humfikia kabla ya daktari. Ya kwanza ni kwamba huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, na aliyeandikiwa ameandikiwa. Ya pili, inayosemwa kwa sauti ya chini zaidi, ni kwamba kuna mkono wa mtu: kijicho cha jirani, mke mwenza, au jini aliyetumwa. Kauli ya kwanza huja na subira. Ya pili huja na mganga, hirizi na kombe. Zinapingana, lakini zinafanana katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba zote mbili zinauruka mwili. Moja inakwenda moja kwa moja kwa Mungu, nyingine moja kwa moja kwa jirani, na titi lenyewe, lenye seli zake na damu yake, haliulizwi kitu. Naamini kosa liko hapo, na ni kosa la kidini kabla halijawa la kitabibu. Anayeamini kudra kwa dhati analazimika kuuliza maradhi yanafanyaje kazi. Na katika saratani nyingi za matiti, jibu la swali hilo linagusa hukumu yenyewe: mgonjwa afanye nini, na nani anawajibika kwake.

Tuanze na titi, kwa kuwa ndilo lililorukwa. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari za wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kukomaa, ambao aliwatoa ovari na uvimbe ukanywea. Hakujua kwa nini. Alichokuwa nacho ni desturi ya wafugaji ya kumtoa ng'ombe ovari ili maziwa yasikatike, na kutokana na desturi hiyo akakisia kwamba ovari hulitawala titi kutoka mbali. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy, huko Marekani, walipata njia ya kukipima kitu hicho kinachotoka kwenye ovari, na mwaka 1929 Doisy alikipata kikiwa safi: homoni ya jamii ya estrojeni. Ilibaki kujua inatendaje. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elwood Jensen wa Chicago aliitia homoni hiyo alama ya mnururisho, akawapa wanyama, na akaona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Estrojeni ilifika kila mahali damu inapofika, lakini ilikaa katika viungo vichache tu, kama mfuko wa uzazi, tena ilikaa bila kubadilishwa kuwa kitu kingine. Seli haikuila wala kuichoma ili ipate nguvu. Iliipokea. Kama adhana, ambayo hufika katika kila nyumba ya mji lakini huwainua wale tu wanaojiona wameitwa, homoni hupita mwilini kote na kuitikiwa na seli zile tu zenye protini ya kuipokea. Protini hiyo ndiyo kipokezi cha estrojeni.

Yanayotokea baada ya kupokelewa yanajulikana leo kwa undani wa kustaajabisha. Estrojeni ni molekuli ndogo inayoyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kizuizi na kuingia hadi kwenye kiini, ambako kipokezi kinaisubiri. Ikishatulia katika nafasi yake, kipokezi hubadilika umbo. Vipokezi viwili hushikana, na jozi hiyo huitafuta DNA mahali penye mpangilio maalumu wa herufi: tano upande mmoja, tatu za katikati ambazo hazina masharti, na tano nyingine zinazolingana na zile za kwanza kwa kinyume. Mahali pa namna hiyo ni maelfu, na mara nyingi pako mbali sana na jeni inayotawaliwa, ila DNA hujikunja hadi ncha zilizo mbali zikakutana. Hata hivyo kipokezi hakiwezi kukaa popote kinapotaka. Sehemu kubwa ya DNA imekazwa kwenye protini zake, na lazima protini nyingine, mojawapo ikiitwa FOXA1, itangulie kuifungua. Kikishakaa, huita wasaidizi wanaolegeza DNA zaidi, na jeni kama MYC na ile ya siklini D1, zinazoihimiza seli igawanyike, huanza kusomwa ndani ya muda mfupi. Wakati huo huo jeni nyingine nyingi hunyamazishwa, zikiwemo za kuizuia seli au kuiongoza ife kwa wakati wake. Mengi ya haya yalijulikana kwa kutumia seli zinazoitwa MCF-7, zilizotoka mwaka 1970 kwa mtawa mmoja wa Kikatoliki aliyekuwa akiugua saratani ya titi huko Michigan, Marekani. Yeye amekwisha kufa. Seli zake zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima.

Jambo lenye uzito kwa hoja yangu ni tofauti iliyopo kati ya titi zima na titi lenye saratani, kwa sababu ni ndogo kuliko tunavyodhani. Katika titi zima, seli nyingi zenye kipokezi hazigawanyiki zenyewe. Zikipata estrojeni hutoa ishara, na jirani zao wasio na kipokezi ndio wanaogawanyika, kwa kiasi, wakati wa balehe na wa ujauzito, ili mifereji ya maziwa ijengeke. Katika saratani yenye kipokezi mgawanyo huo wa kazi umevunjika, na seli iliyopokea ndiyo hiyo hiyo inayogawanyika. Homoni ni ile ile. Kipokezi, mwanzoni mwa maradhi, mara nyingi hakina kasoro. Mpangilio wa herufi kinaoutafuta haujabadilika. Kilichoharibika ni mazingira yake: protini wasaidizi zimezidi, jeni za kuzuia zimeharibika, sehemu za DNA zilizopaswa kufungwa zimefunguliwa. Kwa maneno mengine, hakuna mgeni aliyeingia titini. Amri iliyomwandaa mwanamke kunyonyesha inaitikiwa mahali ambapo mpangilio wa kuitikia umevurugika.

Ushahidi wa dawa unalithibitisha jambo hili. Tamoksifeni ilitengenezwa mwaka 1962 na Dora Richardson katika kampuni ya ICI ya Uingereza, wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa lengo hilo ilishindwa. Kwa saratani ya matiti iliidhinishwa Uingereza mwaka 1973. Inakaa katika nafasi ile ile ya estrojeni ndani ya kipokezi, lakini umbo linalotokea halivutii wasaidizi, na jeni za kugawanyika zinabaki kimya. Ajabu ni kwamba molekuli hiyo hiyo, ikifika kwenye mfuko wa uzazi, hutenda kama estrojeni, hata huongeza kidogo hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko huo. Na kwenye mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi husaidia kuilinda. Tena, mwaka 1944 Alexander Haddow alionyesha kwamba estrojeni ya kutengenezwa, kwa kipimo kikubwa, inaweza kupunguza saratani ya titi kwa baadhi ya wanawake wazee. Kitu kilekile kinakuza na kinaua, kinadhuru na kinalinda, kwa kutegemea kinapofika na kinachokikuta hapo. Anayetafuta shari iliyokaa ndani ya kitu kimoja, ili akitoe na kukitupa, hatakiona.

Kwa sababu hiyo kauli ya mkono wa mtu inakosa pa kushika. Lakini ipewe haki yake, kwani wanaoiamini si wajinga. Edward Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa Sudan, alieleza kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu, Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa walikula nguzo. Uchawi kwao hujibu swali jingine: kwa nini lilianguka saa ile, na watu wale wakiwa chini yake? Vivyo hivyo mama wa Kilwa anaweza kuyakubali yote niliyoyasema kuhusu kipokezi na bado akauliza: kwa nini mimi, si dada yangu? Swali hilo ni la haki. Jibu ninaloliona katika ushahidi ni kwamba mvurugiko huo hujengeka kwa makosa madogo ya kunakili DNA, mengine ya kurithi, mengi ya kutokea tu kadiri seli zinavyogawanyika mwaka hadi mwaka, na hakuna hata moja lililobeba jina la mtu. Kuijaza nafasi hiyo kwa jina la jirani ni kumtuhumu mtu bila ushahidi, na Kurani, katika Sura ya Hujurat, inawaonya waumini waepuke dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kikongwe anayeitwa mchawi kwa sababu ya uvimbe wa mwenzake amedhulumiwa kwa jambo ambalo hakuna mkono wa mtu ungeweza kulifanya.

Nigeukie kudra, maana hapo ndipo ugumu wa kweli ulipo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, akawasifu kwa dini na wema. Kwa karne nyingi madhehebu ya Kishafi yamekwenda pamoja na mafundisho ya akida ya Ashari, na mkubwa kati ya walioyatetea ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa alikataa kwamba moto ni lazima uunguze pamba. Tunachokiona, alisema, ni kuungua kunakofuata kugusana. Anayeunguza ni Mungu, na angetaka asingeunguza. Mwenye kushika hoja hii anaweza kunijibu hivi: estrojeni yako ni moto wa Ghazali, haitendi lolote, na maelezo yote ya vipokezi na herufi ni pazia mbele ya Mtendaji mmoja. Kwa nini basi mgonjwa asiliache pazia, amkabili Mwenye amri kwa dua na subira?

Jibu bora ninalolijua linatoka kwa Ghazali mwenyewe, katika mlango wa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, wa kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini. Huko anazigawa sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu. Zipo za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha si tawakkul hata kidogo, na kuziacha pale kifo kinapohofiwa ni haramu. Zipo za dhana yenye nguvu, na hapo anaiweka tiba ya kawaida ya wakati wake, kama kuumika na dawa za kuharisha. Kuzitumia hakuvunji tawakkul, wala kuziacha hakukatazwi. Na zipo za kuwazia tu, ambamo anaweka kuchoma kwa moto na zinguo, akitegemea hadithi inayowasifu waliokaa mbali na mambo hayo na kumtegemea Mola wao. Mtu yule yule aliyesema moto hauunguzi kwa nguvu yake alisema pia kwamba anayekataa kupeleka chakula mdomoni kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu amepungukiwa akili. Hakujipinga. Kwake Mungu ana mwenendo, nao unajulikana kwa kurudiwa; kuutazama vizuri ni sehemu ya kumjua aliyeuweka. Pazia likiwa limefumwa na Mungu, nyuzi zake si za kudharauliwa.

Hapa elimu ya kipokezi inaleta kitu ambacho Ghazali hakuweza kuwa nacho. Yeye aliipanga dawa katika daraja moja kwa watu wote, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua kabla ya kutibu ni mwili gani utaitika. Tamoksifeni haina daraja moja. Kwa mwanamke ambaye saratani yake ina kipokezi, kuinywa kwa miaka mitano kunapunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza, kama ulivyoonyesha uchambuzi mkubwa wa majaribio uliochapishwa mwaka 2011. Kwa mwanamke ambaye saratani yake haina kipokezi, kidonge hicho hakina faida kwa saratani hiyo. Basi kidonge kimoja, katika chupa moja, ni sababu ya dhana yenye nguvu kwa mgonjwa wa kitanda hiki na sababu ya kuwazia tu kwa mgonjwa wa kitanda kile, na kinachowatenganisha ni kipande cha nyama kilichopakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Duniani takriban saratani saba kati ya kumi za matiti zina kipokezi. Katika nchi za Afrika, pale sampuli zilipotunzwa vizuri, ni zaidi ya nusu. Mgonjwa asiyepimwa hajui yuko katika daraja gani, na wala sheikh wake hajui. Kumwambia asubiri kabla ya kupimwa ni kutoa fatwa juu ya jambo lisilojulikana ilhali linaweza kujulikana.

Yupo atakayesema kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuacha tiba hata ya dhana yenye nguvu, na kwamba wema waliotangulia waliacha. Ni kweli. Wengi wa wanazuoni wa Kishafi waliihesabu tiba kuwa sunna, si wajibu, na Ghazali mwenyewe anaorodhesha sababu zilizowafanya watu wakubwa waiache. Baraza la kimataifa la fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilikwenda mbele zaidi, likasema tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kupotea kwa nafsi. Hata bila kuiegemea kauli hiyo, ruhusa ya zamani ina mwenyewe, naye ni mgonjwa aliyejua anachokiacha. Kisa cha khalifa Sayyidna Umar kinafaa kukumbukwa hapa kwa ukamilifu wake. Wakati wa tauni ya Amwas alifika Sargh, akaamua kurudi asiingie Sham. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi huko, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaikimbia kuelekea kudra nyingine ya Mungu, akimpigia mfano wa mchunga ngamia anayeshuka bondeni penye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kudra. Mara nyingi hadithi hukomea hapo. Lakini Abu Ubayda alibaki na jeshi lake akafa kwa tauni ile, na hakuna anayemlaumu. Kila mmoja alichagua kwa nafsi yake, akizijua pande zote mbili za bonde. Ninachokikataa ni mume, kaka au mjomba kumchagulia mwanamke upande mkavu na kuuita kudra, wakati hakuna aliyemwonyesha kuwa upande wa pili upo.

Na kombe? Watu wa pwani wataniuliza. Aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa na kunywewa, zimewaliwaza wagonjwa wengi, na zipo riwaya sahihi kwamba Mtume aliruhusu zinguo isiyo na shirki. Sina ugomvi na mgonjwa anayesomewa, na ningeshangaa kumkuta daktari mwenye hekima anayemkataza. Uzito uko kwenye muda. Tanzania takriban wanawake wanane kati ya kumi wenye saratani ya matiti hufika hospitali maradhi yakiwa hatua ya tatu au ya nne. Si kombe pekee lililowachelewesha. Umasikini, umbali na zahanati zisizo na kipimo vimechelewesha wengi. Lakini miezi mitatu ya kisomo kabla ya kipimo ni miezi mitatu ya siklini D1, na hakuna fundisho linalosema dua haipokelewi ndani ya basi la Dar es Salaam. Hoja hii haiwahusu Waislamu peke yao. Bara ya mkoa wa Lindi, Nyangao na vijiji vya jirani, Wakristo wana maombezi yao, na Wakatoliki wana katika Biblia yao sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, inayoagiza mgonjwa asali kisha ampe daktari nafasi yake.

Pingamizi jingine linasema kwamba maelezo ya namna hii yanaukausha ugonjwa, yanaondoa maana iliyomfariji mgonjwa alipoambiwa ni mtihani na kafara ya dhambi. Naliheshimu, kwani faraja ya mgonjwa si jambo dogo. Ila hadithi inayofundisha kwamba maradhi hufuta dhambi inataja hata mwiba unaomchoma muumini. Kila mtu anajua sababu ya maumivu ya mwiba, na kujua huko hakupunguzi thawabu. Wala hakuna aliyeuacha mwiba mguuni ili thawabu zizidi. Kafara inahusu jinsi mtu anavyoyapokea maumivu, haihusu kutojua yalikotoka. Kinachoondoka kwa kuijua estrojeni ni wazo la adhabu, na hilo acha liondoke. Mwaka 1713 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti inaonekana sana katika nyumba za watawa. Leo tunaijua sababu: kuzaa na kunyonyesha humpunguzia mwanamke hatari, na Kurani yenyewe inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Kama maradhi haya yangekuwa malipo ya uchafu wa mwenendo, watawa wangekuwa wa mwisho kuyapata. Mwanamke wa Kivinje anayeficha titi lake kwa haya, akiogopa watu watasema ametenda nini, ameteswa mara mbili, na mara ya pili hatukupaswa kuiruhusu.

Linabaki swali zito kuliko yote, na sitalipita pembeni. Ikiwa ni amri moja inayoleta maziwa na inayokuza saratani, je, aliyeiweka amri hiyo hakuweka na mauti ndani yake? Muutazila, wapinzani wa Ashari katika akida, wangesema Mungu hatendi uovu na wangetafuta fidia. Ashari wangesema hawajibiki kwa kipimo chetu. Kwa upande wa mwili naweza kusema hivi tu: titi lisilojua kugawanya seli zake kwa agizo la homoni haliwezi kunyonyesha, na kila mgawanyiko una uwezekano wa kosa. Viwili hivyo vimefungwa pamoja, hadi pale anapotokea mtu wa kuvifungua, kama tamoksifeni inavyovifungua kwa kiasi. Lakini sikubali hesabu inayosema kwamba maziwa ya watoto wa Kilwa yamelipia kifo cha mama mmoja. Hakuna aliyepewa mamlaka ya kumwambia mgonjwa hivyo kitandani. Ninachokiona ni kwamba amri hii ina viungo, na viungo vyake vinalegezeka, kimoja kwenye ovari kama alivyofanya Beatson, kimoja kwenye kipokezi, kingine kwenye utengenezaji wa homoni kwa waliokoma hedhi. Siwezi kueleza kwa nini ulimwengu uliumbwa na maradhi. Lakini uliumbwa pia na mahali pa kushika.

Na dawa inaposhindwa? Hushindwa. Baada ya miaka ya tiba, hasa kwa dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, baadhi ya saratani hubadilisha herufi moja ya jeni ya kipokezi, mara nyingi ile inayogusa asidi amino ya 537 au 538, na kipokezi kikabaki na umbo la kuitika bila kuitwa. Hapo homoni ikiondolewa yote, amri inaendelea. Wakati huo subira ina mahali pake halali, pamoja na dawa za maumivu na watu wa kukaa na mgonjwa. Subira iliyokuja mwishoni, baada ya kila mlango kubishwa, ni ibada. Iliyowekwa kwenye mlango wa kwanza ili mgonjwa asipite inamzuia tu.

Ghazali alilalamika kwamba tiba ni faradhi ya kutosheleza, yaani jamii nzima ina dhambi ikiwa hakuna anayeitekeleza, na bado katika miji ya wakati wake wanafunzi walisongamana kwenye fiqhi huku utabibu ukikosa watu. Kwa saratani ya matiti faradhi hiyo leo ina umbo linaloonekana. Kipokezi ni protini, na protini huoza. Kipande kilichokatwa titini kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Kikisahauliwa mezani, au kikitiwa kwenye maji ya chumvi, kipokezi kinaweza kupotea na jibu likarudi kwamba hakipo. Mwanamke aliyekuwa katika daraja ya dhana yenye nguvu ataandikiwa daraja ya kuwazia tu, atanyimwa kidonge, na msibani watu watasema siku zake zilifika. Kipande kilichotolewa Kinyonga, Kilwa Kivinje, au katika hospitali ya Sokoine, Lindi, kama lazima kisomwe Dar es Salaam, kitapita Nangurukuru, Somanga na daraja la Rufiji, barabara ile ile ambayo mafuriko ya kipindi cha kimbunga Hidaya, Mei 2024, yaliikata. Masheikh wanaohutubia Ijumaa juu ya kudra wana neno la kusema juu ya safari hiyo, na kamati za misikiti zinazogawa zaka zina mahali pa kuipeleka: nauli ya mgonjwa na msindikizaji hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, malipo ya kipimo cha kipokezi kwa asiyejiweza, na chupa za formalini zilizojazwa tayari kabla ya kisu kushikwa.